Alama Nyekundu Katika Kitabu cha Fundi

Kila asubuhi, kabla ya kufunga mlango wa chumba chake, Fundi alisema kwa sauti, "Haya, naenda!"

Hakuna aliyemjibu. Mke wake alifariki miaka miwili iliyopita. Binti yao wa pekee aliolewa mbali, na alikuja kumwona mara moja kwa mwaka. Lakini kwa miaka thelathini Fundi alikuwa ameaga kabla ya kutoka, na mke wake alikuwa amemjibu kutoka jikoni, "Nenda salama, usisahau njia ya kurudi." Mazoea yana tabu. Mdomo uliaga wenyewe, kisha sikio likangoja. Liliposikia kimya, Fundi alifunga mlango akaenda kazini.

Kazi yake ilikuwa kushona viatu. Nyuma ya soko kulikuwa na safu ya mafundi saba, kila mmoja na kiti chake kifupi, nyundo, sindano, mkebe wa gundi na chuma chenye umbo la mguu. Fundi alikuwa wa tatu kutoka mwanzo. Wenzake walimheshimu, maana alikuwa na mkono mzuri.

Mafundi wa safu ile walikuwa na ada yao. Mtu akileta kiatu kilichooza, kisichopokea hata uzi, fundi hakusema, "Kiatu chako kimekufa." Aliona ni kumvunjia mtu heshima. Alisema tu, "Leo nina kazi nyingi." Lakini kabla ya kumrudishia, alichora kwa chaki mistari miwili inayokatana chini ya soli, mfano wa mkasi uliofunguliwa. Mwenye kiatu akienda kwa fundi wa pili, fundi wa pili aligeuza soli, akaona mkasi, naye akasema, "Leo nina kazi nyingi." Hivyo mwenye kiatu alizunguka safu nzima, akaambiwa maneno yale yale mara saba, akarudi nyumbani akishangaa jinsi mafundi wa mji huu walivyo na shughuli.

Fundi alikuwa amechora mikasi mingi sana maishani mwake. Hakuwahi kuwafikiria wale watu waliokuwa wakizunguka.

Sasa, Fundi alikuwa na kisukari. Aliambiwa miaka mitano iliyopita, akapewa vidonge, akawa anavimeza akikumbuka. Ugonjwa huu ukikaa muda mrefu mwilini, huweza kutia ganzi miguuni. Mtu anajikata na hasikii. Jioni moja Fundi alivua kiatu akakuta soksi imelowa damu. Msumari mdogo wa soli ulikuwa umepenya hadi kisiginoni, na alikuwa ametembea nao kutwa nzima. Kinyozi hajinyoi, na fundi viatu huyu hakuwa amekagua kiatu chake mwenyewe tangu mke wake afariki.

Alikwenda zahanati. Daktari kijana mwenye miwani alimsafisha kidonda, akamfunga bandeji, akamwandikia tarehe katika kitabu chake cha kliniki. "Mzee, uje kila baada ya siku moja tubadilishe bandeji. Usikiloweshe, usikiguse."

"Nimesikia, daktari."

Alikwenda mara mbili tu. Foleni ilikuwa ndefu, na kila mtu pale alikuwa na mtu wake. Huyu ana mama, yule ana mume, mwingine ana wajukuu wawili wa kumshikia mkoba. Muuguzi alimwuliza, "Mzee, umekuja na nani?"

"Na mguu wangu," Fundi alijibu.

Watu wakacheka, naye akacheka. Lakini alipofika nyumbani, kicheko kilikuwa kimekwisha na swali lilikuwa bado lipo. Mara ya tatu hakwenda.

Akajitibu mwenyewe. Alisema moyoni, "Kisigino kimepasuka. Kitu kikipasuka, nakijua." Akachukua mkebe wa gundi ya viatu, akapaka kidonda chote, akabana kwa dakika kumi kama inavyotakiwa, akavaa kiatu. Alijisifu kidogo, maana kazi ilikuwa safi.

Siku ya kumi mguu ulianza kunuka, akarudi zahanati. Daktari alifungua, akainua kichwa polepole.

"Mzee, hii ni nini?"

"Gundi."

"Gundi gani?"

"Ya viatu. Ni nzuri hiyo. Haipitishi maji."

"Haipitishi maji, na haipitishi usaha pia!" Daktari alipaza sauti. Mlango ulikuwa wazi, na watu wa foleni walinyoosha shingo. "Umeufungia uchafu ndani! Mtu mzima na akili zako, unajipaka gundi kama kandambili?"

Mtu mmoja kwenye foleni alicheka. Kicheko kile ndicho kilichomchoma Fundi. Aliipiga kwa mkono sinia ya vifaa. Mikasi na chupa vikaruka, na mkasi mmoja ukaanguka karibu kabisa na mguu wa muuguzi.

"Wewe mtoto wa juzi utanifundisha mimi ngozi?" Fundi alifoka. "Nashona ngozi tangu hujazaliwa! Hujui kitu! Mjinga wewe!"

Daktari alikisafisha kidonda kimya kimya, akakifunga. Kisha akachukua kalamu nyekundu. Akachora mistari miwili inayokatana juu ya ukurasa wote wa tarehe, akaandika mistari mitatu chini yake.

"Mzee, mimi siwezi kuendelea kukutibu hapa," alisema. "Chukua kitabu chako. Anayefuata!"

Nje, Fundi alifungua kitabu. Maandishi ya kupiga chapa aliyasoma, polepole lakini aliyasoma. Mwandiko wa daktari ulimshinda, kama unavyowashinda wengi. Lakini ile alama hakuhitaji kusomewa. Ilikuwa mkasi, mwekundu, mkubwa kuliko yote aliyowahi kuchora yeye.

Alielewa kwa akili ya ufundi wake. Daktari huyu amemkataa, na amemtia alama ili madaktari wote wajue. Popote atakapokwenda wataomba kitabu, watageuza ukurasa, watauona mkasi, watamwambia, "Leo tuna kazi nyingi."

"Basi," alijiambia. "Mimi ni kiatu kibovu."

Akaenda nyumbani. Jumapili binti yake alipiga simu.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Mguu unaendeleaje?"

"Mguu upo."

"Unakwenda kubadilisha bandeji?"

"Nahudumiwa vizuri. Wewe tunza wanao."

Alipokata simu alikaa muda mrefu ameishika mkononi. Alitaka kumwambia ukweli. Lakini atamwambiaje mtoto kwamba baba yake amefukuzwa hospitali kama mlevi?

Siku ya nne baada ya kukataliwa, Fundi hakuweza kuvaa kiatu. Hakwenda kazini. Kwa kuwa hakutoka, hakuaga. Siku ya tano ikawa hivyo, na ya sita. Alilala kitandani akisikiliza bomba la uani likidondoka, akatetemeka kwa baridi ilhali jua lilikuwa kali.

Adhuhuri ya siku ya sita mlango uligongwa.

"Hodi, jirani!"

Ilikuwa sauti ya yule mama wa chumba cha pili. Alihamia miezi minane iliyopita, na hawakuwahi kuzungumza zaidi ya salamu. Watu wa nyumba ile walimwita Mama Faili, kwa sababu alifanya kazi miaka ishirini na sita katika chumba cha mafaili cha hospitali, hadi akastaafu.

"Karibu," Fundi alisema. "Samahani, siwezi kuinuka."

Mama Faili aliingia, akasimama. Harufu ilimpokea kabla ya mwenyeji. Lakini hakuziba pua. Alivuta kigoda akaketi.

"Leo siku ya tatu hujaaga," alisema.

Fundi alishtuka. "Kumbe unasikia?"

"Ukuta huu ni karatasi, jirani. Hata ukipiga chafya najua kama ni ya vumbi au ya mafua. Kila siku nasikia, 'Haya, naenda.' Mwanzoni nilidhani una mtu ndani. Baadaye nikajua huna." Alikisogeza kigoda karibu. "Mimi pia sina. Sauti yako ndiyo iliyokuwa saa yangu ya kuamka. Sasa nionyeshe huo mguu."

Alipofunua bandeji, aliguna. Mguu ulikuwa umevimba hadi juu ya kifundo. Ngozi ilikuwa nyekundu na ya moto.

"Kwa nini hujaenda hospitali?"

"Nimekataliwa."

"Na nani?"

"Na daktari. Akanitia alama. Wote wataiona."

Akamweleza yote: gundi, sinia, matusi, mkasi. Akamweleza na ada ya mafundi wa safu. Alitazama ukutani alipokuwa akisema, si usoni mwa mgeni.

Mama Faili hakucheka. "Hebu nijibu, Fundi. Wewe hukatai viatu?"

"Nakataa."

"Mtu akija kukutukana mbele ya wateja wako, na nyundo zako akazirusha?"

"Huyo namfukuza kabisa!"

"Basi na daktari ni mtu. Akitukanwa au kutishwa, anaweza kusema, 'Siendelei na huyu.' Akidaiwa dawa ambayo anajua itamdhuru mgonjwa, anaweza kukataa. Ugonjwa ukizidi ujuzi wake, anatakiwa aseme. Sheria nyingi zinamruhusu hayo."

Fundi aliinamisha kichwa. "Ndivyo nilivyosema. Nimekataliwa kihalali."

"Ngoja, sijamaliza. Kiatu ambacho umeshakibandua soli, unaweza kumtupia mwenyewe kikiwa wazi?"

"Hapana!" Fundi aliinua kichwa kwa hasira ya ufundi. "Hicho nakimaliza. Kama kimenishinda, nakipeleka kwa mwenzangu mkononi, namweleza nimefikia wapi."

"Ehee! Umejihukumu mwenyewe. Daktari aliyekwisha kukupokea hawezi kukuacha njiani. Akitaka kuacha, akuambie kwa nini. Akuonyeshe pa kwenda. Aandike barua ili mwenzake ajue ulipofikia. Tena hawezi kukukataa kwa sababu ya kabila lako, au dini yako, au kwa sababu ugonjwa wako unamchukiza. Na kama ni dharura, maisha yako hatarini, hospitali haina la kukataa. Hata kama jana ulimtukana daktari na babu yake, leo kwanza wakuokoe, lawama baadaye. Sheria za nchi hazifanani neno kwa neno, lakini kwingi msingi ndio huo."

"Na alama je?"

"Lete kitabu."

Mama Faili alivaa miwani, akakisogeza kitabu dirishani. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa amesoma miandiko ya madaktari, na hakuna mkwaruzo uliomshinda. Alisoma mara moja kimya. Kisha akafunga macho.

"Jirani," alisema taratibu, "huu mkasi umefuta tarehe za zahanati tu, kwa sababu hutarudi tena pale. Sikiliza kilichoandikwa chini. 'Ana kisukari, kidonda kimeoza ndani. Apokelewe hospitali kuu, kliniki ya vidonda, ndani ya siku mbili. Tafadhali apewe daktari mwingine.'"

Fundi aliukodolea macho ukurasa.

"Hii ndiyo barua yako," Mama Faili alisema. "Umeilalia siku sita."

Fundi alilia. Hakulia kwa kishindo. Machozi yalitoka tu, na aliyaacha. Alilia kwa mguu, na kwa siku sita, na kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kumwambia, "Hebu nione hicho kitabu."

"Utalia garini," Mama Faili alimwambia, huku akitafuta shuka. "Hapa tunapoteza muda."

Aliita gari la kukodi. Dereva na jirani mwingine wakambeba. Walipofika hospitali kuu, msichana wa mapokezi alitazama kitabu akasema bila kuinua macho, "Kliniki ya vidonda ni Alhamisi. Rudini Alhamisi."

Fundi alimvuta Mama Faili upindo wa nguo. "Unaona? Nilikuambia. Twende zetu."

Mama Faili hakuondoka. Hakupiga kelele pia. Alisema maneno mafupi, yaliyonyooka: "Mwanangu, hatukuja kliniki. Huyu ana kisukari. Ana homa, anatetemeka, na mguu umevimba kupita kifundo. Hii ni dharura. Tunaomba aonwe na daktari sasa hivi. Kama haiwezekani, tuandikie jina lako na sababu, tupeleke ofisi ya malalamiko. Najua iko ghorofa ya kwanza, karibu na chumba cha mafaili."

Msichana aliinua macho, akamtazama Fundi kwa mara ya kwanza. Akasimama haraka. "Samahani, mama. Hamkuniambia ana homa." Akaita kiti cha magurudumu.

Katika chumba cha dharura, pazia lilivutwa, na aliyeingia alikuwa na miwani. Ni yule yule daktari kijana. Zahanati alifanya kazi asubuhi, na siku mbili kwa wiki alishika zamu hospitali kuu.

Walitazamana. Fundi alitaka kitanda kimmeze.

"Daktari," alisema kwa sauti ndogo, "wewe ulisema hunitibu."

"Nilisema hivyo zahanati." Daktari alikuwa tayari amevaa glavu, ameshika mguu. "Hapa ni dharura, siruhusiwi kukataa. Na hata ningeruhusiwa, mzee, nisingekataa. Ilikuwaje hukuja ndani ya siku mbili? Nilikuandikia."

"Nilidhani umenitia alama ya kiatu kibovu."

Daktari hakuelewa. Mama Faili alimweleza kwa ufupi, huku dawa ikianza kudondoka katika mshipa wa mkono wa Fundi. Daktari alisikiliza hadi mwisho.

"Kosa langu," alisema. "Nilikuandikia, sikukueleza. Nilikuwa na hasira, nikaiachia karatasi iseme, na karatasi haina mdomo."

"Kosa langu ni kubwa zaidi," Fundi alisema. "Nilikutukana mbele za watu, na ule mkasi ungemkata muuguzi. Nisamehe. Mwambie na muuguzi anisamehe."

"Nitamwambia. Na mimi nilikusema vibaya mbele za watu. Nisamehe."

Fundi alilazwa wiki tatu. Walikata kidonda, wakaondoa nyama iliyooza na kipande cha kisigino. Daktari wa upasuaji alimwambia wazi: siku mbili zaidi, wangekata mguu chini ya goti. Muuguzi alimfundisha kumeza dawa kwa saa, kutazama nyayo kila jioni kwa kioo kidogo, na kupapasa ndani ya kiatu kabla ya kukivaa. Jumapili alimpigia binti yake simu, akamwambia ukweli wote, hata habari ya gundi. Binti alilia, akacheka, kisha akalia tena. Wiki iliyofuata alikuja.

Miezi miwili baadaye Fundi alirudi kwenye safu akitembea kwa mkongojo. Siku ile ile mama mmoja alileta kiatu cha mtoto wake. Soli ilikuwa imeoza yote. Fundi alikigeuza, na mkono ukaenda wenyewe kwenye chaki. Akausimamisha.

"Mama, hiki siwezi," alisema. "Soli imeoza, haitashika uzi. Fundi wa mwisho pale ana soli za mpira. Mwambie nimekutuma mimi. Naye akishindwa, usizunguke tena. Kimekwisha."

Mama yule alishukuru, akaenda moja kwa moja hadi mwisho wa safu. Fundi wa pili aliuliza, "Vipi, chaki imekwisha?"

"Ipo," Fundi alisema. "Itupe ukitaka."

Asubuhi iliyofuata Fundi alijitayarisha kutoka. Chumba kilikuwa kile kile. Kikombe kimoja, kiti kimoja, kanga ya marehemu mke wake msumarini. Binti alikuwa amekwisha kurudi kwake. Upweke haukutibiwa hospitali, alirudi nao.

Alichukua kiatu, akatia mkono ndani, akapapasa hadi mwisho. Hakukuwa na msumari. Akavaa. Akashika kitasa cha mlango.

"Haya, naenda!"

Sikio likangoja, kwa mazoea tu.

"Nenda salama, jirani!" sauti ilijibu kutoka upande wa pili wa ukuta. "Umekagua viatu?"

Haikuwa sauti aliyoizoea. Fundi alisimama pale mlangoni kwa muda, mkono ukiwa kwenye kitasa.

"Nimekagua," alisema.